Kokoto za Namba 117

Temuco, Agosti. Mvua haina adabu,
moshi wa kuni umeukalia mji kama mgeni asiyeaga,
nami niko chumba cha chini cha hospitali
nahesabu nyongo za watu.

Ndiyo kazi yangu. Daktari Iturriaga aliuliza swali
na swali likageuka jedwali:
wamezao dawa za kutuliza akili,
wenye mawe katika kifuko cha nyongo,
je, dawa huwazidishia mawe
au huwafichia maumivu?
Mafaili mia mbili na arobaini.
Natia moja, ama sifuri.

Moja: ana mawe.
Sifuri: hana.
Moja: anasikia sauti.
Hakuna safu ya kuandika
sauti zinasema nini.

Namba 117.
Eleuterio Painemal, miaka hamsini na mmoja,
fundi wa masanduku ya tufaha
kabla sauti hazijaja kumpangia siku.
Klozapini, mwaka wa tisa.
Mtu wa zamu ameandika, mwandiko umelala ubavu:
*Mgonjwa adai kuna anayemtupia kokoto
chini ya mbavu, kulia, hasa akila mafuta.
Fikra potofu. Dozi imeongezwa.*

Nikarudia kusoma.
Kulia.
Akila mafuta.

Machi, kokoto. Dozi imeongezwa.
Aprili, kokoto, na mtupaji sasa ana kombeo.
Dozi imeongezwa.
Mei: *mgonjwa amenyamaza. Maendeleo mazuri.*

Maendeleo mazuri.
Chai yangu ilipoa hapo.

Kifuko chenyewe ni kidogo, kimejibanza chini ya ini
kama mtoto aliyevunja sahani.
Humo vijiwe vilikuwa vimeweka kijiwe,
vimekaa bila kazi, vinapiga soga,
vinangoja siku ya kuziba mlango.
Sisi tunasema mambo yametumbukia nyongo.
Yeye nyongo ndiyo iliyotumbukiwa na mambo,
na alilisema wazi, kwa lugha aliyobaki nayo.

Juni macho yakawa manjano.
Ndipo wakavuta ile mashine ya mawimbi,
inayotuma sauti zisizosikika na sikio
kisha inatega, inasikiliza zinavyorudi,
na hakuna aliyewahi kuiita kichaa.

Saba. Walihesabu saba.
Dada yake, Herminda, amezitia
katika chupa ya jemu ya forosadi,
na kila ajapo kliniki huja nayo mkobani,
akiitikisa kidogo mbele ya madaktari
bila neno.

Nilimwona Alhamisi. Nilikuwa na fomu.
*Je, bado unasikia sauti?*
"Tatu," akasema. "Bibi wa redio, padre,
na yule anayehesabu ngazi.
Wa kokoto amehama."
Akacheka polepole, mkono juu ya mshono.
"Naye ndiye pekee aliyekuwa mkweli."

Leo Daktari ameniita.
117 aondolewe: dozi imepandapanda mno,
ataivuruga hesabu yote.
Simlaumu. Hesabu ina sheria zake,
na mtu mmoja si ushahidi,
hata akiwa na mawe saba.
Nikaufuta mstari.
Jedwali likajifunga juu yake
kama maji ya mto.

Kisha 118.
Mwanamke, thelathini na sita.
Risperidoni, mwaka wa nne.
*Adai kuna mbwa aliyelala juu ya tumbo lake,
huamka usiku wa manane, akamng'ata
mpaka begani. Fikra potofu.*

Moja, ama sifuri.

Nikaweka kalamu chini.
Nikainua simu, nikaomba wodi,
na walipouliza ni nani, na ni jambo gani,
nikasema: ni karani wa mafaili.
Nataka mtu amuulize, taratibu,
huyo mbwa hulalia upande upi.